Mtoto Tuliyemwita Hoyo

Nyumba yangu ya Buruburu ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala. Nililala katika kimoja na kufagia vyote. Sijui nilikuwa nafagia nini, maana hapakuwa na mtu wa kuchafua. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, alikuwa Uingereza akisomea uuguzi, na mimi nilikuwa nimebaki na mkono uliozoea kupika chakula cha watu watatu. Nilijaribu kupunguza. Nikapunguza maji, nikasahau kupunguza unga, na ule ugali hata paka wa jirani aliunusa akaondoka zake.

Majirani waliniona mwenye bahati. Mjane aliye na duka lake, hana wa kumwuliza ametoka wapi, hana wa kumfulia soksi. Mmoja aliniambia usoni, tukiwa kwenye foleni ya maji, kwamba mimi sasa nimepumzika. Nilicheka naye, nikabeba mtungi wangu, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kochi nikilia kama mtu aliyefiwa jana. Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu wajane husifiwa sana kwa ujasiri wao, na watu wakishakusifu hawaji tena kukujulia hali.

Sikuzaliwa nikijua kukaa peke yangu. Nilizaliwa upande wa Machakos, kwenye shamba la mteremko lililokatwa matuta, nyumbani ambako hata ukienda msalani ulifuatwa na mtoto au na kuku. Nilichunga mbuzi, nilichota maji na punda, nilipukuchua mahindi mpaka vidole gumba vikaota sugu. Mama alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na mvua ilipokataa kunyesha, kama ilivyozoea kukataa kwetu, cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilipoolewa na karani wa kiwanda kimoja cha Industrial Area na kuja Nairobi, sikuja na kitu cha maana ila kujua kushona. Mume wangu alinisemea kwa wakubwa wake, nikapewa ovaroli za kushona, kisha aproni, kisha sare za shule, na mwishowe nikawa na duka langu kando ya Jogoo Road, lenye mafundi, cherehani za umeme na mdomo wangu wa kuwasukuma. Kuhusu huo mdomo mafundi wana mengi ya kusema, lakini wanaoandika hapa si wao.

Watu hupenda kuniuliza nilipata wapi wito wa kusaidia watoto. Wanataka niseme niliota ndoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa na sufuria kubwa na hakuna wa kula. Nyuma ya duka walilala watoto, chokoraa kama watu walivyowaita, na asubuhi nikifungua niliwakuta wamejikunja juu ya vipande vya kitambaa tulivyotupa. Nilianza na uji. Uji ukaleta wengine, hao wengine wakaleta malalamiko ya wenye maduka, na malalamiko yakanifanya niwaendee kina mama wa kanisa letu. Tukakodi nyumba kule Lucky Summer, tukaajiri mpishi, tukanunua vitanda. Watoto wadogo waliniita mama. Wakubwa waliniita mathe. Niliitwa hivyo mchana kutwa, mpaka sauti ikanikauka kwa kuitika, na jioni nilirudi Buruburu kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuniita chochote.

Mtoto ninayetaka kumzungumzia aliletwa alasiri moja na askari wa kike. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya tisini, wakimbizi walipokuwa wakimiminika Nairobi kutoka kaskazini, na mabasi yakishusha watu wasiojua waendako. Alikuwa ameokotwa peke yake stendi ya mabasi ya mashambani. Kwa kumkadiria, hakuwa amefika miaka mitatu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, mwili wote vumbi, macho yamevimba na kutoa usaha. Hakulia wala hakusema. Wavulana wetu wakubwa walimzunguka wakimkagua.

"Mathe, haka katoi hakabongi," mmoja akaniambia. "Ni bubu ama?"

Niliwafukuza, nikachuchumaa mbele yake. Nikajigusa kifuani, nikataja jina langu. Nikamgusa yeye, nikamwuliza lake. Alinitazama kwa muda kwa hayo macho mabaya, kisha akasema polepole, "Hoyo."

Askari akaliandika, na likawa jina.

Mnajua tulivyo Eastlands. Jina likitajwa tu, watu wanataka kujua ni la wapi. Mpishi wetu, mama wa Kiluhya, aliapa kwamba hilo ni jina la kwao lililovunjwa na ulimi wa mtoto. Fundi wangu mmoja Mjaluo akasema hakuna haja ya kubishana, jina ni la Nyanza. Jirani kutoka Kitui akamwangalia paji la uso na kumtambua kuwa ni Mkamba mwenzetu. Wachache walisema huenda ni Msomali au Mborana, na hao ndio nilioona wana maneno ya maana. Kwa hiyo nilimfunga mgongoni, mimi Mkristo wa kuimba kwaya, nikaenda mpaka msikiti mmoja wa Majengo. Sheikh, mzee Mswahili aliyezaliwa papo hapo Majengo, alinipokea kwa heshima kuliko nilivyotarajia. Baada ya sala aliwatangazia waumini wake, wengi wao Waswahili kama yeye, kwamba ameokotwa mtoto wa kike, jina lake Hoyo, mwenye kumjua ajitokeze. Alirudia tangazo hilo Ijumaa kadhaa. Nilimpa chifu habari vilevile, na polisi walikuwa nazo tayari. Hakuja mtu.

Kwa sababu ya yale macho, daktari alisema asilale na wenzake, asije akawaambukiza. Nikampeleka kwangu Buruburu mpaka apone. Alipona upesi, lakini kurudi Lucky Summer kulala hakurudi. Kila nilipopanga kumrudisha palitokea jambo: mara mvua, mara mafua, mara vitanda havitoshi. Kina mama wa kanisa waliniuliza mwanzoni, baadaye wakaacha. Nadhani waliona nilivyokuwa nikitembea siku hizo, kama mtu anayengojewa nyumbani.

Nilimtandikia chumba cha binti yangu, shuka za maua, taa ndogo. Hakukitaka. Alikuja akapanda kitandani kwangu, akanyoosha mkono, akanishika sikio kwa vidole viwili, akalala. Tangu siku hiyo sikio langu halikuwa langu tena. Nikigeuka ubavu, analitafuta la pili. Hereni niliacha kuvaa.

Kiswahili alikipata haraka, na Kikamba cha kuombea chai, na Sheng ya watoto wa Lucky Summer aliokuwa akicheza nao mchana. Jumapili moja alimpa mchungaji wetu mkono na kumwambia, "Niaje, buda," nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Mchungaji alimjibu poa, akaendelea na wengine. Lugha aliyokuja nayo ilimtoka yote. Lilibaki lile jina tu, nami nililiita kutwa: Hoyo kula, Hoyo vaa sweta, Hoyo acha mkasi wa fundi. Ugali wangu sasa ulikuwa unatosha watu wawili, na cha kushangaza, nilianza kuupatia.

Binti yangu alipiga simu kutoka Uingereza, na nyuma ya sauti yangu akasikia mtoto akiimba. Akaniuliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa kituo, macho yalikuwa yanamsumbua. Akaniambia kwa upole kwamba macho hayaumi miaka miwili. "Mama, usijizoeshe," akasema. Nilimkemea kwamba simu ni ghali, nikakata. Nilijua alichomaanisha. Nilikuwa nimeshajizoesha kitambo.

Katikati ya miaka ile habari zilienea kwamba Eastleigh kuna vitambaa vizuri kwa bei ya kushangaza. Nikaenda kujionea, na ikawa kweli. Soko lenyewe lilikuwa gesti ya zamani. Vyumba vya kulala wageni vilikuwa vimegeuzwa maduka, vitanda vimeondolewa magodoro na kupangwa majora ya kitambaa, na wenye maduka, wengi wao wanawake wa Kisomali, waliketi milangoni wakitazamana kutoka upande mmoja wa korido hadi wa pili. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwa na Hoyo. Alikuwa sasa msichana wa darasa la kwanza, meno mawili ya mbele yameng'oka, miguu haitulii.

Nilikuwa nimeinama nikikipima kitambaa cha sare kwa vidole. Kuinua kichwa, mtoto hayupo. Nikaita kwa sauti yangu ya shambani, ile ya kuitia mbuzi walio ng'ambo ya korongo.

"Hoyo! Hoyo, njoo hapa!"

Korido nzima iligeuka. Vichwa vilitokea mlango baada ya mlango, wakanitazama, kisha wakaanza kucheka, kicheko chema tu cha watu waliofurahishwa. Hoyo akatoka kwenye duka la mbele akitafuna halua aliyopewa na mtu.

Mwenye duka nililokuwemo alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Garissa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Mama, kumbe unajua lugha yetu?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui hata neno moja.

"Mbona unamwita mtoto hooyo?"

"Ndilo jina lake."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na kile kicheko kikamtoka usoni. "Hilo si jina la mtu," akasema. "Hooyo ni mama. Kwetu mtoto humwita mama yake hivyo, na mama naye humwita mtoto wake hivyohivyo, kwa kumpenda. Hooyo, kula. Hooyo, lala. Huyu alipewa na nani jina hili?"

Nilikaa juu ya majora yake bila kukaribishwa. Kama kuna mtu Nairobi nzima aliyepaswa kulitambua neno hilo, ni mimi. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na yule baba, kwa kuwa hawezi kumtaja mama yake hivihivi, humwita mtoto mwaitu, yaani mama yangu. Mume wangu alimwita binti yetu hivyo tangu akiwa mchanga. Mwaitu, nywa maziwa. Mwaitu, usichezee jiko. Binti yangu akiwa na miaka miwili, mtu angemshika stendi na kumwuliza anaitwa nani, angejibu "Mwaitu" na kuona amejibu vizuri. Neno lilelile, mapenzi yaleyale, yalikuwa yameishi ndani ya nyumba yangu, nami nikayasikia kwa lugha ya wengine nikayaandikisha kama jina.

Nikamfikiria sheikh wa Majengo, Ijumaa baada ya Ijumaa, akiwatangazia watu kwa sauti yake nzuri kwamba ameokotwa mtoto aitwaye Mama.

Kilichoniumiza zaidi ni kingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini, bila kumwambia mtu, kwamba Hoyo alitupwa. Imani hiyo ilinifaa. Kilichotupwa ni cha aliyekiokota. Sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba kitu pekee alichokuja nacho, cha pekee alichokikumbuka, ni namna mama yake alivyokuwa akimwita kwa mapenzi. Mtoto anayeitwa hivyo hatupwi stendi. Anapotea, na kuna mtu anamtafuta.

Yule mwenye duka aliniuliza aliokotwa wapi, na lini. Nilimwambia ukweli kwa sababu nilikuwa sijapata wakati wa kutunga uwongo. Akasema ataulizia kwa wenzake, nirudi wiki inayofuata. Nikasema sawa. Nikalipia kitambaa changu, nikamshika Hoyo mkono, nikamkaza mpaka akalalamika.

Sikurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Kitambaa kinapatikana hata kwa Wahindi wa mjini, nilijiambia, na kwamba Eastleigh ni mbali, kumbe unaweza kufika kwa miguu ukitaka. Sikuwa nimemwachia yule mwanamke jina langu wala kumwambia nakaa wapi. Kama ningekaa kimya, mambo yangeishia hapo, na Hoyo angekua kwenye nyumba yangu, angeolewa kutoka kwenye nyumba yangu, na ningezikwa na mtu wa kunililia. Hayo niliyawaza kwa mpangilio huohuo nikishona vifungo ambavyo ni kazi ya mafundi kushona.

Nilikuwa na hasira pia, na nilimkasirikia baba yangu, ambaye hakuwa na kosa na alikuwa kaburini. Nilipokuwa mdogo mbuzi jike aliyepotea alijiunga na kundi letu. Baba alitangaza sokoni na kanisani, mwenyewe hakuja. Kwetu mbuzi wako humkata alama sikioni, na baba alikataa kabisa kumkata huyu. Nilimkamua mimi. Nilimtibu kwato mimi. Alizaa mapacha mikononi mwangu. Kisha siku moja akaja mzee kutoka ng'ambo ya mto, baba akampa mbuzi wake na mapacha wote wawili, na chai juu. Sikusema na baba kwa siku nyingi. Najua mtoto si mbuzi, na anayetaka kunikosoa hajawahi kumpenda mbuzi. Ila kilichonirudia akilini nikiwa pale dukani ni uso wa yule mzee. Alisimama zizini kwetu akimpapasa yule mnyama shingo, haongei, na midomo inamtetemeka mbele ya watoto. Nilikuwa nimemchukia siku ile, na bado nilikuwa nimemwona.

Nikafunga cherehani, nikaenda Eastleigh peke yangu.

Mwenye duka hakuniuliza nilikuwa wapi. Alimtuma mtu, akaniletea chai ya maziwa yenye iliki, tukakaa. Baadaye akaja mwanamke mwembamba, kijana kuliko nilivyomtarajia, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia barabara ya pili. Hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mwenye duka alitafsiri. Walikuwa wamekamatwa watu wengi siku moja kwa kukosa vitambulisho, naye akiwemo, wakapakiwa kwenye lori mpaka kambini, kaskazini. Mtoto alikuwa ameachwa kwa jirani. Jirani akaamua kumfuata na basi ampelekee mtoto wake, na kwenye msongamano wa stendi akamwachia mkono. Mama alipofanikiwa kurudi Nairobi alimtangaza kwenye misikiti yote ya Eastleigh, kwa jina lake halisi. Kutoka msikiti wa mwisho aliofika mpaka ule wangu wa Majengo ni mwendo wa kunywea soda. Huko walitangaza mtoto mwenye jina ambaye hakuna aliyekuwa naye, na huku tukamtangaza tuliyekuwa naye kwa neno.

Nilimsikiliza, lakini nilikuwa nimekuja na mtego. Nilitaka akosee. "Mwulize," nikamwambia mwenye duka, "atamjua kwa nini? Aniambie kitu ambacho mtu asiyemzaa hawezi kukijua."

Nilidhani atataja kovu au alama ya kuzaliwa, vitu ambavyo Hoyo hana. Yule mwanamke alisikiliza swali, akafikiri. Kisha akainua mkono, akaondoa mtandio kidogo, akalishika sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili.

Mwenye duka alianza kutafsiri, lakini hapakuwa na haja. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwenye sikio langu. Yule mwanamke aliuona, na akafunika uso kwa mtandio wake, akalia. Mimi nililia pia, na sitadanganya kwamba nililia kwa furaha yake.

Mambo ya ofisi ya watoto yalichukua muda mrefu, maofisa walitaka hiki na kile, na nilimshukuru Mungu kwa kila kilichokosekana. Wakati huo mama alikuja Buruburu kumwona mtoto. Alileta halua na udi, alikaa kwenye ncha ya kochi. Hoyo alimwamkia vizuri, akamletea chai kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha kuwaletea wageni, kisha akatoka kwenda kuruka kamba. Tulibaki wanawake wawili tukitazamana, hatuna lugha. Siku moja alichukua sindano yangu, akaanza kunisaidia kupinda pindo za sare, na alikuwa na mkono mzuri. Ningependa kusema nilimpenda. Nilimheshimu, na nilisubiri aondoke.

Nilifikiri wataishi Eastleigh, na kwamba nitakuwa nakwenda na kurudi kama shangazi. Ndipo mwenye duka aliponieleza kwamba kaka ya yule mama yuko ng'ambo, na kwamba karatasi zao za kusafiri zimetoka, yeye na mtoto. Aliitaja nchi. Nilikwenda kuitafuta kwenye ramani ya darasani ya watoto wa Lucky Summer, nikapima kwa vidole kutoka Nairobi, vidole vikaniishia.

Siku ya kumchukua walikuja dukani asubuhi, mama yake na mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimemshonea gauni refu la mikono mirefu na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo. Nilikuwa nimemkalisha na kumweleza yote: huyu ndiye aliyekuzaa, alikutafuta, hakukutupa. Alikuwa amenisikiliza na kusema sawa. Lakini alipowaona mlangoni alivua viatu, akapanda rafu za majora mpaka juu kabisa, akajibanza kati ya khaki na dari. Mafundi wakasimamisha cherehani. Sijawahi kulisikia duka langu likiwa kimya namna ile mchana.

Mama yake alisimama chini ya rafu. Akamwita kwa jina lake la kweli, ambalo sote tulikuwa tumejifunza kulitamka na ambalo mwenyewe hakuwa ameliitikia hata siku moja. Mtoto akazidi kujibanza. Akamwita hooyo. Mtoto akageuza kichwa, akanitazama mimi.

Yule mama hakupanda, hakumvuta mguu, hakupaza sauti. Aligeuka akaniambia mimi maneno machache kwa Kisomali, macho yake kwenye yangu, na mwenye duka akayatafsiri akiangalia sakafu. "Anasema hawezi kumbeba kwa nguvu. Alishapelekwa mahali kwa nguvu, anajua kulivyo. Anasema mtoto anakusikia wewe. Ukinyamaza, atamwacha."

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka kwa mwili mzima. Hakuna mtu pale ambaye angenilaumu, mafundi wangenishangilia, na binti yangu kule Uingereza angeelewa. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na jioni ningerudi nyumbani na mtoto wangu mkononi. Nilimwangalia yule mwanamke. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, mbele ya mafundi.

"Shuka," nikasema. "Shuka uende na mama yako."

Akashuka. Alishuka rafu baada ya rafu, akiangalia anapokanyaga, akavaa viatu vyake, akapita mbele yangu na kumshika yule mama mkono. Hakulia, wala hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimemlea hivyo mwenyewe: mama akisema jambo, mtoto hangoji kuambiwa mara ya pili.